Kinyago Kilichoelea Ukurasa wa Kumi na Mbili

Juma lililopita tuliachana mlangoni. Editha alikuwa ndani, pasi ya moto mkononi, na nje sauti ya mwanaume asiyemjua ilikuwa ikiuliza kwa ukali:

"Wewe ndiye uliyemuua Kokuberwa?"

Msomaji, usikimbilie polisi. Editha hajaua hata mende wa chumba chake cha kupanga hapo Mbagala Kizuiani. Kokuberwa ni marehemu wa karatasi. Ni karani wa duka la vinyago anayekutwa amekufa mwanzoni mwa riwaya ya kwanza ya binti huyu, *Kokuberwa Amelala Stoo*, riwaya ambayo leo hii, Jumamosi saa tisa mchana, inazinduliwa Mikocheni mbele ya mgeni rasmi.

Editha aliweka pasi chini, akafungua mlango nusu.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Shati safi la mikono mifupi. Vumbi jeusi lilikuwa limekaa kwenye mistari ya viganja vyake, vumbi la miaka mingi lisilotoka kwa sabuni. Kwapani alibana kitabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe Editha?"

"Ndiye mimi."

"Mie naitwa Cyprian. Mchonga vinyago, natokea Chanika. Namba hii ya nyuma ya kitabu nimeipiga siku tatu, inaita tu. Nikaona nije kwa anwani iliyo chini yake, nikauliza uliza hapo stesheneri, wakanionesha. Sasa niambie nani kamuua Kokuberwa, niende zangu. Wenzangu wananisubiri."

Editha alishusha pumzi, akacheka. Msomaji wa kweli! Amevuka jiji zima!

"Mzee wangu, lakini kitabu si unacho? Muuaji yumo humo humo, mwishoni."

"Humu?" Mzee Cyprian alimkabidhi kitabu. "Haya. Fungua ukurasa wa kumi na saba."

Editha alifungua. Ukurasa wa kumi na sita uliishia pale inspekta anapomulika tochi kwenye pipa la maji. Ukurasa wa kumi na saba ulianza hivi: *Banda bora la kuku lijengwe mahali pasipotuama maji.*

Alifunua mwingine. Vyombo vya kunyweshea. Mwingine. Chanjo ya ugonjwa wa kideri. Mwingine. Picha ya jogoo amesimama kwa madaha.

"Kuku," alisema Editha.

"Kuku," Mzee Cyprian alikubali. "Mpaka mwisho. Kurasa mia na sitini na nane, na tumezisoma zote."

"Zote? Kwa nini, mzee?"

"Tulidhani ni fumbo."

Hakuwa anatania. Alieleza akiwa amesimama vile vile kizingitini. Kule bandani kwao wachongaji wapo watano, na wana desturi: mmoja anasoma kwa sauti, wanne wanachonga, na anayesoma siku hiyo hapigi msasa. Kitabu cha Editha walikinunua kwa muuza vitabu wa kupanga chini barabarani, aliyekipata hata kabla ya uzinduzi. Siku ya kwanza kurasa kumi na sita ziliwashika koo. Siku ya pili wakakutana na kuku.

"Fransis, ndiye mkubwa wetu, akasema tulieni, mwandishi wa upelelezi haandiki kitu bure. Akasema kideri litakuwa jina la siri la muuaji. Mwingine akaanza kuhesabu vifaranga. Tumetafuta dokezo mpaka kwenye kipimo cha pumba, mwanangu. Mke wangu ndiye aliyefaidi. Amewatenga kuku wake wagonjwa na wamepona."

Editha alivuta boksi kutoka uvunguni. Akafungua nakala moja. Kuku. Ya pili, kuku. Ya kumi, kuku. Pale kiwandani walipochapa, mtu alilichukua jalada lake na karatasi yake kubwa ya kwanza, ile inayokunjwa kurasa kumi na sita, akavishonea kwenye tumbo la kitabu cha mwandishi mwingine.

Vitabu vilimfikia siku tisa zilizopita. Aliinusa nakala ya kwanza, akaibusu, akapiga picha jalada. Alikuwa ameshasaini nakala sitini, na zote alizisaini ukurasa ule wa jina. Hakufunua zaidi ya hapo.

"Kwa hiyo hata mwenyewe hujakisoma," alisema Mzee Cyprian. Hakusema kwa kejeli. Alishangaa tu, na mshangao wake uliuma kuliko kejeli.

"Nilikisoma mara nyingi kabla hakijachapwa..."

"Ila zile kumi na sita zako, binti! Ukurasa wa kumi na mbili, kinyago cha mpingo kinapokutwa kinaelea kwenye pipa! Hapo ulituweza. Siku ile hatukuchonga kitu, tulibishana tu."

Editha alitabasamu, ingawa hakuelewa kwa nini hapo hasa. Mstari ule aliuandika haraka, kwa sababu aliona unapendeza.

"Sasa," mzee aliendelea, "Fransis kesho alfajiri anapanda basi, anarudi Newala moja kwa moja. Macho yamechoka, vumbi la mpingo limeyamaliza. Kule hana wa kumsomea. Amesema hawezi kwenda kuzeeka na maiti isiyojulikana kaiua nani. Leo ndiyo siku yake ya mwisho bandani."

Editha aliitazama saa. Saa nne asubuhi. Kwenye meza ulikuwepo mswada wake halisi, ule uliofungwa kwa waya, kurasa zote zikiwa mahali pake. Kumpa mzee hakuweza. Leo Mikocheni angetakiwa kuusoma.

"Mwambieni mzee Fransis asubiri," alisema. "Leo, kabla jua halijazama, nitakuja mwenyewe niwasomee mwisho."

"Wewe? Na uzinduzi wako?"

"Nitakuja. Tena nikimaliza kusoma nitakaa niwasikilize. Hata kama kitakuwa kimewachukiza, mtaniambia."

Mzee Cyprian alikichukua kitabu chake. "Watu wa vitabu mna maneno mazuri," alisema. "Haya. Kabla ya jua."

Akaondoka. Editha akarudi kwenye nguo yake, na hapo ndipo alipokumbuka jambo lililomfanya aizime pasi ukutani na kukaa kitandani.

Sifa!

Kitabu chake kilikuwa kimeshahakikiwa. Si na mtu mmoja. Na watu kumi na mmoja!

Ni lazima hapa nikueleze, msomaji, jinsi mambo yanavyokwenda. Editha ni mwanachama wa Kalamu Moto, kundi la WhatsApp la waandishi wa riwaya za upelelezi. Mwenyekiti ni Gervas, mwenye riwaya nane na kofia moja asiyoivua. Sheria ya kundi ni nipe nikupe. Ukitoa kitabu, ndani ya siku mbili wenzako wanakumwagia sifa kila ukurasa wa mtandao. Wakitoa wao, unawamwagia.

Editha alifungua simu, akasoma upya yale maneno ambayo wiki nzima alikuwa akilala nayo kifuani.

*Nimekesha. Sikuweza kukiweka chini.*

*Mwisho wake umenitoa jasho. Sikumtarajia muuaji.*

Na hili la Bupe, rafiki yake wa tangu chuo, aliyekuwa akigawana naye sahani moja ya chipsi: *Ukurasa wa mia moja nililia kama mtoto.*

Editha alifunua ukurasa wa mia moja. *Minyoo humpunguzia kuku hamu ya kula.*

Alikitupa kitabu kitandani. Haikuwa hasira. Kilikuwa kinyaa, kama cha mtu aliyekwisha kula nusu ya andazi ndipo akaona nywele.

Na kibaya zaidi, nywele nyingine ilikuwa yake. Mwezi wa tatu alihakiki *Jeneza la Tandika* ya Gervas. Yeye alikisoma chote. Mpelelezi anapigwa risasi ya kifua sura ya nne, sura ya tano anacheza harusini, bandeji hakuna. Editha aliliona kosa hilo, akaandika: *Ustadi wa hali ya juu.*

Alimpigia Bupe.

"Shoga! Umeshajiandaa? Nataka nije na lile gauni—"

"Bupe, kwenye kitabu changu nani kamuua Kokuberwa?"

Upande wa pili ulisikika mlango wa kabati ukifungwa.

"Si... si yule mume?"

"Hana mume."

"Edi, nisikilize. Kaka Gervas alituma maneno, akasema kila mtu abadilishe badilishe kidogo. Nilikuwa na mambo mengi. Nilitaka nije nikisome vizuri baadaye. Nisamehe, shoga."

Editha alikata simu. Alivaa, akaufunga mswada wake kwenye khanga, akautia kwenye mkoba.

Saa nane kamili alikuwa Mikocheni. Alimkuta Gervas ukumbini nyuma ya pazia, kofia kichwani, akiwasimamia vijana wawili wanaovalisha vitabu nailoni ya kubana, kimoja kimoja.

"Mdogo wangu!" Alifungua mikono. "Siku yako hii."

"Kaka Gervas, vitabu vimekosewa. Ndani kuna ufugaji wa kuku. Lazima tuahirishe, au tuwaambie watu."

Gervas hakushtuka. Aliwaonesha wale vijana mlango kwa kidevu. Walipotoka, akasema taratibu:

"Unadhani hii nailoni ni ya nini?"

"Ulijua?"

"Tangu Alhamisi. Kuna mwenzetu mmoja mjuaji alipiga picha kurasa za kuku, akaweka kundini. Nikaifuta kabla hamjaiona, nikamtoa na yeye. Mdogo wangu, mtu akinunua kitabu kilichofungwa hakifungui palepale. Anapiga picha nacho. Anakipeleka nyumbani, anakiweka karibu na televisheni. Kitakaa hapo mpaka watoto wakichane."

"Na wanaosoma?"

"Wangapi?"

"Nawajua watano."

Gervas alicheka, akamshika bega. "Sikia. Mgeni rasmi ni Eliaichi, yule mama wa kampuni ya tamthilia. Anakuja na mkataba. Riwaya yako inakuwa tamthilia, vipindi ishirini na sita. Anausaini jukwaani leo, wewe upo, kamera zipo. Kilichomvuta ni zile sifa. Vitabu tutachapa upya kimyakimya wiki ijayo. Nakuomba ufunge mdomo wako kwa saa mbili tu. Saa mbili, Editha. Mie nimesubiri miaka kumi na nane sijaitwa na tamthilia."

Hapo kofia ilishuka kidogo, na kwa mara ya kwanza Editha aliona kuwa mwenyekiti ana macho ya mtu aliyechoka. Karibu amhurumie.

"Ulipenda sura gani, kaka?" aliuliza.

"Ya mwisho," alijibu Gervas, bila hata kupepesa.

Huruma ikakatika.

Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Mgeni rasmi hajafika. Editha alikaa meza kuu, mkoba mapajani, akilitazama jua likihama dirishani. Kutoka hapa mpaka Chanika, hata kwa bodaboda asiyeogopa kifo, ni zaidi ya saa nzima.

Saa kumi kasoro dakika kumi, makofi. Eliaichi aliingia, mama mrefu aliyevaa kitenge cha dhahabu, msaidizi nyuma na jalada la ngozi mkononi. Mkataba.

Gervas alipanda kusoma uhakiki wake.

"Mabibi na mabwana, ukurasa wa mia moja na arobaini wa riwaya hii ulinifanya nifunge kitabu, nitembee uani, nirudi. Utafiti wa binti huyu ni wa kina. Kila kitu kimepimwa!"

Chini ya meza, kwenye nakala aliyoichana nailoni kwa kucha, Editha alifunua ukurasa wa mia moja na arobaini. *Kinyesi cha njano ni dalili ya kwanza.*

Watu walipiga makofi. Bupe, mstari wa mbele, alipiga akiwa ameinama.

"Hata sie ofisini tumekisoma chote," alisema Eliaichi alipopewa kipaza sauti. "Timu yangu nzima. Tumekipenda mwanzo mpaka mwisho. Sasa nimwite mwandishi aseme neno, kisha tusaini."

Editha alisimama. Ukutani saa ilisema kumi na dakika saba.

"Nawashukuru," alisema. "Naomba aliyefika ukurasa wa kumi na saba anyooshe mkono."

Watu walitazamana. Eliaichi alimgeukia msaidizi wake. Msaidizi aliangalia viatu.

"Basi nitausoma mie," alisema Editha. Na akausoma, kwa sauti ile ile aliyoifanyia mazoezi ya kusomea kifo cha Kokuberwa. "*Banda bora la kuku lijengwe mahali pasipotuama maji. Mlango uelekee mbali na upepo.*"

Kicheko kikubwa. Walidhani ni mzaha. Aliendelea na maranda ya sakafuni, akaendelea na vyombo vya maji, na kicheko kikapungua, kikawa kikohozi, kikawa kimya. Kisha ikasikika nailoni moja ikichanwa, halafu ya pili, halafu ukumbi mzima.

"Vitabu vimekosewa kiwandani," alisema Editha. "Hilo ni kosa la mashine, na langu mie niliyesaini bila kufungua. Sifa mlizozisikia si kosa la mashine. Na mie siko nje ya hilo. Nilikisifu kitabu cha kaka Gervas. Nilikisoma chote na sikukipenda, nikaandika nimekipenda, kwa sababu nilitaka zamu yangu ifike. Atakayetaka kilicho sahihi nitampa. Sasa hivi naomba mniruhusu. Kuna wasomaji wananisubiri Chanika."

"Wewe mtoto!" Gervas alimdaka mkono penye ngazi, akinong'ona kwa meno. "Umetumaliza wote. Wote! Utachapwa na nani tena mjini hapa?"

"Sijui, kaka."

"Na hao wa Chanika ni akina nani, mawaziri?"

"Wachongaji."

Eliaichi naye alikuwa amesimama, uso umewiva. "Umenidhalilisha mbele ya kamera," alisema, akachukua jalada lake la ngozi.

Editha alishuka, akapita katikati ya viti, mtu asimguse. Nje alidandia bodaboda wa kwanza.

Safari yenyewe tuiruke. Dereva alikuwa na haraka na Editha alikuwa akilia, hakuna zaidi.

Jua lilikuwa bado juu ya miembe ya jirani alipofika kwenye banda la makuti, nyuma ya nyumba ambazo hazijapigwa plasta. Alimwomba dereva amsubiri. Mzee Cyprian alimwona kwanza. Patasi ilimkaa hewani.

"Amekuja," alisema kwa wenzake, kama mtu anayekiri kosa. "Huyo, amekuja."

Walikuwa watano kama alivyoambiwa, wamekaa kati ya magogo. Mmoja, mkongwe kuliko wote, alikuwa na kifurushi miguuni kimeshafungwa kamba. Nyundo zake zilikuwa humo. Macho yalikuwa na utando.

"Shikamooni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mie ndiye Fransis. Kaa kile kigoda."

Kilikuwa kigoda cha msomaji, kimelainika kwa kukaliwa. Editha alikaa. Aliifungua khanga, akautoa mswada. Sura za katikati aliwasimulia kwa kifupi, mbili za mwisho akasoma. Walirudi kwenye kazi, na patasi zikagonga polepole, zikifuata sauti yake. Kila alipofika mahali pazuri, patasi zilinyamaza. Hakuwahi kusikia makofi yenye adabu namna ile.

Alifika mwisho. Muuaji alikuwa mlinzi wa duka. Alikamatwa na kupelekwa mahabusu ya Segerea, na riwaya ikafunga mlango wake.

Patasi ziliendelea kugonga.

Simu ya Editha ilitetemeka. Ujumbe wa Gervas:

*Eliaichi hajaondoka. Video yako imesambaa, watu wanacheka, amependa. Anataka tuseme zilikuwa mbinu za matangazo, tulipanga wote. Rudi kabla ya saa moja na nusu useme hivyo, usaini. Ukichelewa anasaini na Bupe, mswada wake upo hapa.*

Editha aliusoma mara mbili. Vipindi ishirini na sita. Ulikuwa uongo mmoja zaidi, mdogo, na wa kuchekesha. Bodaboda alikuwa pale pale, ufunguo kwenye swichi. Akiondoka dakika hii, angewahi. Na ahadi si ameitimiza? Amekuja, amesoma, jua bado lipo.

"Na kinyago?" aliuliza Mzee Fransis.

"Kinyago gani, babu?"

"Cha ukurasa wa kumi na mbili. Kilichoelea."

"Kile... ndicho alichopigwa nacho. Mlinzi akakitupa kwenye pipa."

Wachongaji walitazamana. Mzee Cyprian aliinamisha kichwa, kama anayeona aibu kwa niaba ya mgeni.

Mzee Fransis alipapasa chini, akaokota kipande cheusi, akakidondosha kwenye ndoo ya maji iliyokuwa kando yake. Kikazama, kikagonga chini, *ko*.

"Mpingo hauelei, mjukuu wangu. Hata kipande cha kidole. Kila mtoto wa kwetu anajua."

Akanyoosha mkono nyuma, akapewa kinyago kidogo, cheusi, kinachong'aa. Akakitia. Kikaelea, na maji yakaanza kuingia weusi kama wino.

"Huu ni mti laini, umepakwa kiwi ya viatu. Wapo wanaowauzia wageni hivi. Sie tuliposoma kuwa kimeelea, tukasema, Mungu wangu, huyu binti ni hatari! Katuambia kinyago cha duka kimebadilishwa, na hao mapolisi wake hawajui. Wiki nzima tumekusifu. Kumbe hukujua."

Wahakiki kumi na mmoja walimsifu, na Gervas akauita utafiti wake wa kina. Editha alihisi masikio yakiwaka moto, lakini kile kinyaa kilichomkaa tangu asubuhi kilikuwa, kwa mara ya kwanza, kimeshuka.

"Sikujua, babu."

"Basi umempeleka Segerea mtu asiye na hatia. Mlinzi atajuaje kiwi na mpingo? Aliyeua ni aliyebadilisha, karani alipomgundua. Na humo dukani mwako, anayeweza kubadilisha bila kushtukiwa ni mtu mmoja tu. Umemleta mwenyewe, ukurasa wa tatu, amebeba sinia la chai. Halafu ukamsahau." Mzee aligeuza sikio kwenye mkoba wa Editha. "Simu yako inalia. Au una haraka? Ulisema utatusikiliza, lakini najua watu wa mjini mna mambo."

Ilikuwa ikiita kweli. Jina la Gervas liliwaka kwenye kioo, likazima, likawaka tena. Nje, dereva alipiga honi mara moja, fupi. Jua lilikuwa limegusa ukingo wa makuti.

Editha alimpungia dereva aende zake. Akazima simu, akaitia chini kabisa ya mkoba. Aliugeuza mswada wake, akatafuta upande mweupe wa ukurasa wa mwisho, akaomba penseli ya kuchorea mbao.

"Nasikiliza, babu," alisema. "Nani aliyebeba chai?"